Mkono wa Kushoto wa Gari la Kabula

Nimestaafu mwezi uliopita. Kofia ngumu nimeirudisha stoo, funguo za kabati la vipimo amezichukua Renatus, kijana niliyemwachia kazi, na kikombe changu cha chai nimekiacha dirishani kwa sababu mpini wake ulikatika siku nyingi na hakuna aliyewahi kuwa na nia ya kukiiba. Habari za vyeo na madaraja sitaziandika. Zimo kwenye faili langu, na faili hilo ni nene kuliko linavyostahili. Nitaandika habari za chuma, na za watu walionifundisha kukitazama, na za msimu mmoja wa mbio za magari ya vijana ulionikuta mwishoni kabisa mwa kazi, wakati nilipodhani nimeshayaona yote.

Kwetu ni Kagera, kwenye migomba na kahawa. Nilipomaliza chuo cha ufundi nilivuka ziwa kwa meli, nikiwa na sanduku la bati na barua ya kuripoti karakana ya meli, Mwanza. Siku ya kwanza msimamizi wa zamu aliisoma ile barua, akanitazama, akaisoma tena, kisha akaniuliza kama mwenye barua amechelewa njiani. Nilimwambia mwenye barua ni mimi. Akanipa ufagio. Nilifagia siku tatu, na naweza kusema bila majivuno kwamba karakana ile haijawahi kuwa safi vile tena. Siku ya nne fundi mmoja mtu mzima, Mkerewe, jina lake Magesa, aliuchukua ufagio mkononi mwangu, akauegemeza ukutani, akaniambia nimfuate chini ya meli.

Mzee Magesa alikuwa mkaguzi wa mishono. Mshono, kwa asiyejua, ni mahali ambapo vipande viwili vya chuma vimeyeyushwa na kushikana kwa kuchomelewa. Ukiwa mzuri unakuwa na nguvu sawa na chuma chenyewe. Ukiwa mbaya unaweza kuonekana mzuri vilevile, na ndiyo maana kazi yetu ipo. Vyombo vyake vyote vilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga: brashi ya waya, tupa ndogo, vitambaa, chupa ya mafuta ya taa, na chupa nyingine ya chaki iliyosagwa na kuchanganywa na spiriti. Unausugua mshono mpaka ung'ae. Unaupaka mafuta ya taa, unasubiri, unaufuta mpaka ukauke kabisa, halafu unaupaka ile chaki. Kama pana ufa, hata mwembamba kama unywele, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya ule weupe. Siku hizi nyinyi mnaonifuata kazini mna makopo ya kupuliza yenye rangi nyekundu. Yananuka vibaya zaidi, lakini kazi ni ileile.

Jambo moja alilisema mara nyingi kuliko yote. Mstari ukitokea usikimbilie kuandika. Piga tupa juu ya mshono kidogo, upime upya, kwa sababu wakati mwingine mafuta yamenaswa kwenye mkunjo wa juu tu na ndani chuma ni kizima. "Binti," alikuwa akiniambia, "mara ya kwanza unakipima chuma. Mara ya pili unajipima wewe." Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilidhani ni maneno ya mtu anayependa kazi ichukue muda mrefu. Alifariki kabla sijahama karakana, nikaenda kumzika kwao Ukerewe, na mkewe akanipa lile kopo.

Nilihamishiwa ukaguzi wa magari ya mizigo, na huko ndiko lilikonikuta jambo ambalo kwa miaka mingi sikumsimulia mtu. Ulikuwa msimu wa pamba. Lililetwa tela ambalo mkono wake, ule unaoshika lori, ulikuwa umechomelewa upya. Nilipopaka chaki ukatokea mstari hafifu. Ilikuwa Ijumaa jioni, mwenye tela alikuwa na pamba inayomsubiri, dereva alikuwa ameshawasha injini. Nilijiambia huo ni mkunjo tu. Sikupiga tupa. Niliandika limepita. Siku chache baadaye tela lilichomoka kwenye mteremko likamkuta mtu aliyekuwa kando ya barabara akiziba pancha ya baiskeli yake. Waliochunguza walisema mzigo ulizidi, na kweli ulizidi, kwa hiyo hakuna aliyekuja kwangu. Nilikwenda msibani, nikakaa na akina mama, nikasaidia kuosha vyombo. Sikusema mimi ni nani.

Kuanzia hapo nilikuwa mkaguzi mwingine. Madereva walinipa majina, mengine siwezi kuyaandika. Shaka ndogo, gari linarudi. Niliona huo ndio uadilifu, na ofisi nayo iliona hivyo, na kwa miaka ishirini na zaidi hakuna chombo nilichokipitisha kilichomuumiza mtu. Hapo ndipo nilipojifunza kutosikiliza.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ndipo yalipoanzishwa mashindano ya taifa ya vijana ya magari ya kiti kimoja. Kamati yake iliandikia ofisi yetu kuomba mkaguzi, na mkuu wangu akanipeleka mimi, nadhani kwa kuamini kwamba bibi anayekaribia kustaafu atafurahi kukaa na watoto. Madereva walikuwa chini ya miaka kumi na minane. Magari yote yalijengwa kwa mchoro mmoja: fremu ya mabomba, injini ya pikipiki mgongoni kwa dereva, matairi manne yamekaa nje ya bodi, kila moja limeshikwa na mkono wa chuma. Dereva anakaa chini kiasi kwamba akinyoosha mkono anagusa lami. Nilipoliona la kwanza nilimuuliza aliyelileta kama sehemu iliyobaki inakuja na lori.

Raundi zilikuwa tano, ya kwanza na ya mwisho zikiwa hapa kwetu, kwenye uwanja wa kiwanda cha kuchambua pamba kilichofungwa zamani, mbele ya Kisesa. Meza yangu iliwekwa ndani ya ghala ambalo bado lilinukia mbegu za pamba. Siku hiyo yaliletwa magari kumi na moja, nikayazuia sita. Moja mkanda wa dereva ulikuwa umefungwa kwenye ubao. Jingine usukani wake ulishikwa na boliti ambayo nisingeiamini kwenye kigoda cha jikoni. Wazazi walinung'unika, wakaenda kurekebisha, wakarudi. Mbio zenyewe zilisimamishwa mara moja kwa sababu ya ng'ombe walioingia njiani, na mwenye ng'ombe, alipoitwa, aliuliza kwa upole ni nani aliyewapa magari ruhusa ya kuingia machungani kwake.

Katika yale matano yaliyopita mara ya kwanza lilikuwemo gari la Fundi Shija wa Igoma. Yeye alikuwa mchomeleaji mwenye karakana ndogo kando ya barabara ya Musoma, akitengeneza mageti, vitanda vya chuma vya shule na matela ya trekta. Alilileta gari bila rangi hata tone. "Nimelileta uchi, mama, ili uone," aliniambia. Niliona. Nilitembea na brashi na chaki kutoka pua hadi mkia na sikupata hata doa. Katika kazi yote nimekutana na mafundi wanne au watano wenye mkono wa namna ile, na mmoja wao alikuwa Mzee Magesa.

Dereva wake alikuwa binti yake, Kabula. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu kwa gari lile, magoti yakigusana na usukani, na alikuwa mtulivu mno. Aliniamkia shikamoo, kisha akasimama pembeni akitazama mikono yangu muda wote nilipokuwa nikipima. Wengine waliniuliza kama limepita. Yeye aliniuliza kwa nini mafuta yanapanda juu badala ya kushuka. Nilimweleza, naye akaniuliza swali jingine, na jingine, mpaka baba yake akamwambia aniache nifanye kazi. Kwa kweli sikutaka aache.

Alimaliza wa pili siku hiyo. Raundi mbili zilizofuata, katika mikoa mingine, alishinda. Raundi ya nne gari la nyuma lilimgonga kwenye kona, la kwake likabiringika, nikakimbia na Renatus tukiwa mbele ya watu wa machela. Tulimkuta ananing'inia kwenye mkanda, kichwa chini, anauliza kiatu chake kimoja kiko wapi. Fremu ilikuwa haijapinda hata kidogo. Siku hiyo Fundi Shija alikuja kunishukuru, nikamwambia hakuna cha kunishukuru, fremu aliichomelea yeye. Kilichoharibika kilikuwa mkono wa tairi la mbele la kushoto. Aliutengeneza upya huko karakana kwake. Ulikuwa mmoja tu, hakuwa na wa akiba.

Pamoja na ajali hiyo Kabula aliingia raundi ya mwisho akiongoza. Anayemfuata alikuwa kijana wa Arusha anayeitwa Ibrahimu. Hesabu zilikuwa wazi kwa kila mtu: ilimtosha Kabula kumaliza wa nne. Na ilikuwa nafasi yake pekee, kwa sababu kabla ya msimu wa pili angekuwa ametimiza miaka kumi na minane. Nusu ya Igoma ilikuja kiwandani siku ile. Kulikuwa na akina mama wa kwaya waliovaa sare, na wazee kutoka Bujora waliokuja na viti vyao.

Gari lilipofika mezani kwangu nikaona mkono mpya wa kushoto umepakwa rangi ya bluu, sawa na bodi waliyoipaka katikati ya msimu. Nilimuuliza Fundi kwa nini safari hii ameficha mshono. Alisema si yeye, Kabula ndiye aliyeupaka jana yake, alitaka gari lipendeze nyumbani. Nilikwangua rangi, nikasugua, nikapaka mafuta, nikasubiri, nikafuta, nikapaka chaki. Ukatokea mstari. Ulikuwa hafifu, urefu wa kucha, pembeni mwa mshono.

Renatus alikuwa amesimama begani kwangu. Alikuwa na miaka miwili tu ofisini, na alisema kwa sauti ya chini sana, "Mama, huenda ni mkunjo."

Hakujua neno hilo lilikuwa linanifikia kutoka wapi. Nilisikia injini ya lori imewashwa na nikaona baiskeli imelazwa kando ya barabara. Macho sikuyatoa kwenye ule mstari.

Fundi Shija aliinama, akautazama ule mstari muda mrefu. Hakukasirika. Alisema, "Mama, piga tupa kidogo juu, upime tena. Kama ni ufa utabaki. Nusu saa inatosha, na mstari wa kuanzia unafungwa baada ya dakika hamsini."

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Ni jambo lilelile ambalo ningemwambia Renatus kama ningekuwa ninamfundisha. Tupa ilikuwa ndani ya kopo, mbele yangu, ningeweza kuichukua bila kusimama. Lakini watu walikuwa wameshakusanyika mlangoni mwa ghala wanatazama, na fundi alikuwa ananieleza kazi yangu mbele yao.

Nilisema, "Fundi, hapa anayepima ni mimi. Gari halikimbii."

"Sawa, mama," alisema.

Aliufungua mkono ule, boliti nne, akauweka mezani kwangu kama kanuni zilivyotaka, kwa maana kipande kilichokataliwa hubaki kwa mkaguzi mpaka ripoti iandikwe. Kabula alikuwa ameshavaa ovaroli. Alivua glovu, kidole kimoja kimoja, akaziweka ndani ya helmeti, akatoka nje akaenda kusimama kwenye matairi ya kona ya mwisho, peke yake, na akazitazama mbio zote mpaka mwisho. Ibrahimu alimaliza wa pili akachukua ubingwa. Alipomaliza kupigwa picha alikwenda pale alipokuwa Kabula, akasimama naye.

Nililala vizuri wiki ile. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Nilijiona nimeokoa maisha ya mtoto, na kwamba shukrani zitakuja baadaye, au zisipokuja si kitu.

Kisha Renatus, anayeishi Igoma, akaanza kuleta habari. Watu walikuwa wanasema kazi ya Shija imekataliwa na serikali. Shule moja iliyokuwa imeagiza vitanda kwake ilihamia kwa fundi mwingine. Mtu mmoja alikuja kuchukua geti lake likiwa nusu, akalipakia kwenye guta, akaondoka nalo. Na lile swali la kwa nini alipaka rangi lilikuwa limekua midomoni mwa watu: sasa walisema alipaka rangi ili afiche, kwa gari la binti yake mwenyewe. Nilisikiliza nikasema watu wa Igoma wana maneno mengi. Lakini kuanzia hapo sikulala vizuri tena.

Jumapili moja, baada ya misa ya kwanza, nilikwenda ofisini nikafungua kabati. Niliufunga ule mkono wa bluu kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, nikakata kwa msumeno wa chuma pale pale penye mstari. Nililainisha sehemu iliyokatwa kwa msasa, wa kukwaruza kwanza na laini baadaye, nikaidondoshea maji ya betri ili chuma kionyeshe kilivyoshikana. Kilikuwa kimeshikana chote, kutoka juu hadi chini. Ule mstari ulikuwa mkunjo wa juu, kina chake hakifiki unene wa karatasi. Mipigo mitatu ya tupa ingeufuta.

Nilikata pengine. Nilikata mara nne, kushoto na kulia, nikitafuta ufa ambao ungeniokoa. Haukuwepo. Nilikaa kwenye kigoda na gauni langu la kanisani, magoti yamejaa unga wa chuma, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba tela na gari la Kabula yalikuwa kosa moja. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba la kwanza lilikuwa kosa la ulegevu, na kwamba ukali ndio dawa yake. Mara zote mbili sikupiga tupa. Mara ya kwanza nilitaka kumridhisha mtu, na mara ya pili nilitaka kumshinda mtu, lakini hakuna siku hata moja kati ya hizo mbili niliyotaka kujua.

Jumatatu nilimwonyesha Renatus vipande. Alivigeuza geuza, akasema alifikiri hivyo tangu siku ile. Nilimuuliza kwa nini basi hakurudia kusema. Alitazama chini. "Ulikuwa umeshasema, mama," alijibu.

Nilimpelekea habari msimamizi wa mashindano. Alikuwa mtu muungwana na alitaka kunisaidia. Alinieleza kwamba sikuvunja kanuni yoyote, kwamba mkaguzi anaruhusiwa kuzuia gari kwa shaka tu, kwamba matokeo hayawezi kubadilika kwa sababu mbio hazirudiwi, na kwamba mimi nilikuwa nimebakiza miezi miwili. Ripoti ingeandika "shaka ya kiusalama" na mambo yangeishia hapo. Yote aliyosema yalikuwa kweli, na nilitamani sana kukubali. Nilimwomba dakika tano kwenye mkutano wa kufunga msimu.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa shule, familia zote zimekuja, na mafundi, na baadhi ya watu wa Igoma. Nilisimama nikaeleza kwamba mshono wa Fundi Shija ulikuwa mzima, kwamba kosa la kipimo ni langu, na kwamba rangi ilipakwa na mtoto kwa ajili ya kupendeza, si vinginevyo. Nilivitoa vile vipande vikapita mkono kwa mkono. Mafundi walivitazama kwa karibu, wakatikisa vichwa wakipeana. Nilipokaa watu walipiga makofi, jambo ambalo sikulitarajia na ambalo lilinitia aibu zaidi, kwa kuwa niliona wananisifu kwa ujasiri wangu huku mwenye haki yake amekaa mstari wa tatu.

Mlangoni nilikutana na Fundi Shija. Watu walitupisha, nadhani walitaka kuona tukishikana mikono. Alinipa mkono, ndiyo. Kisha akasema, "Umesema vizuri, mama. Lakini mwanangu hakukimbia."

Akaondoka.

Baada ya miezi mitatu hivi, nikiwa nimeshastaafu, Jumamosi asubuhi, Kabula alikuja kwangu Pasiansi peke yake. Aliniamkia, nikamkaribisha, nikamwekea chai na viazi vitamu. Tulizungumza habari za mtihani wake, na chuo cha ufundi alichokuwa anataka kwenda, na mvua. Alikunywa chai yake yote. Halafu akaweka kikombe chini, akaniuliza bila kunitazama.

"Bibi, siku ile ulilikataa gari, au ulikataa kuambiwa na baba?"

Pale ukumbini hakuna aliyeniuliza hivyo. Nilikuwa nimesema nilikosea kipimo, na watu waliridhika, kwa kuwa kila mtu hukosea kipimo. Niliona kwamba ninaweza kumjibu huyu mtoto kwa tela, nimwambie habari za yule mtu wa baiskeli, naye angenihurumia, maana ni mtoto mwenye huruma. Ningekuwa ninamwambia nusu.

"Nilikataa kuambiwa na baba yako," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. "Nilijua," alisema. "Nilikuwa nakutazama mikono. Ulikuwa umeshaigusa tupa kabla baba hajasema. Aliposema ukaiacha."

Mimi mwenyewe sikukumbuka kuigusa. Mpaka leo sikumbuki. Lakini yule mtoto tangu siku ya kwanza hakuwahi kuikosea mikono yangu, na ninamwamini.

Aliniomba jambo moja. Alisema baba yake amerudiwa na wateja, wengi wao, na lile la vitanda limekwisha, lakini bado kila akimaliza mshono anaupima mara tatu, mara nne, usiku halali vizuri, anadhani mkono wake umeanza kumpotea. Anadhani pengine palikuwa na kitu ambacho mama mkaguzi alikiona kisha akamstahi mbele ya watu. "Nenda ukamwambie ulivyoniambia mimi," alisema. "Kwangu inatosha nimesikia."

Nilikwenda Igoma Jumatatu. Karakana ya Fundi Shija haina ukuta wa mbele, kwa hiyo kila kinachosemwa mle barabara inasikia, na nilishukuru kwa hilo. Alikuwa anachomelea miguu ya meza, vijana wake wawili wako kwenye grinda. Aliponiona alinyanyua miwani, akaniletea kigoda. Nilimwomba nisikae. Nilimwambia kwamba siku ile sikuona kitu chochote kwenye mshono wake zaidi ya mkunjo, kwamba moyoni nilijua kipimo cha pili kinatakiwa, na kwamba sikukifanya kwa sababu yeye ndiye aliyekitaja, mbele ya watu. Nilimwambia kwamba ningekuwa peke yangu na Renatus ningepiga tupa, na Kabula angekimbia. Grinda zilikuwa zimezimwa.

Fundi Shija alifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole hadi kidole. Alitazama barabarani. Nilidhani atanifukuza na nilikuwa tayari kwa hilo.

"Mimi leo siwezi kukujibu, mama," alisema mwishowe. "Labda siku nyingine, labda nisiweze. Lakini hao unaowaachia kazi, umeshawaambia hivi?"

Nilisema bado.

"Waambie," alisema. "Waambie kama ulivyoniambia mimi, usilainishe."

Akashusha miwani yake, akamwashiria kijana alete waya, akaendelea na miguu ya meza. Nilisimama pale kidogo nikimtazama akichomelea. Kisha nilirudi Pasiansi, nikaondoa vyombo mezani, nikaanza kuandika haya.